Majivu Yanayosema Tulia

Karungu
Jumapili, 16 Machi 2025

Kwako Robi, mke wa mwanangu Jeff,

Yule muuguzi uliyemtuma alifika hapa Alhamisi na kisanduku chake cha barafu. Nilimkaribisha, nikampa kiti, nikampa chai. Alipotoa sindano nikamwonyesha lango. Usimlaumu, kijana ana adabu. Lawama ni zangu na nazipokea kwa mikono miwili.

Damu yangu ya nini? Ile karatasi ya mradi wenu inasema mnatafuta watu wazima wanaoishi na vimelea vya malaria bila kuugua. Mimi siugui, hilo ni kweli. Mara ya mwisho kulala kitandani kwa homa, Jeff alikuwa bado ananyonya. Sasa mtu asiyeugua ana ugonjwa gani? Nimefundisha shule ya msingi hadi nikastaafu na sijawahi kukutana na swali lililopinda namna hiyo.

Hapa ufuoni wanasema damu mnayochota inapitishwa Isebania na kuuzwa ng'ambo ya mpaka, Sirare. Huo ni upuuzi na nimewaambia hivyo. Mimi nakataa kwa sababu yangu mwenyewe: mjukuu huniletei, ila sindano unaniletea.

Hilo ndilo la leo. Emmah ametimiza miaka saba. Baba yake ni mtu wa Karungu, lakini mtoto anakulia Isebania, analelewa na mama yako Nyangi huku wewe ukikaa Homa Bay na maabara yako, na Jeff akizunguka na gari lake la samaki. Nyangi ni mwanamke mwema, namheshimu. Ila mtoto anaimba Kikuria kama aliyezaliwa zizini kwao, na akiniona ananiamkia "shikamoo, bibi" kama anavyomwamkia mwalimu mkuu. Mimi si bibi. Mimi ni dani yake. Kwetu msichana wa umri huo hulala siwindhe, yaani nyumba ya dani, pamoja na binamu zake. Humo ndimo anamojua ukoo wake, hadithi zake, na namna ya kumjibu mwanamume mjinga.

Likizo ya Aprili namtaka hapa. Siombi.

Usinipigie simu. Simu ni ya kuulizia bei ya dagaa wetu wa omena. Jeff hupita hapa kila wiki kuchukua samaki, atakuwa mjumbe wetu. Na kwa kuwa wewe Kijaluo chako hakitoshi, nami Kikuria sijui hata cha kuombea maji, tutagombana kwa Kiswahili.

Mimi,
Mwalimu Pauline, Min Jeff


Homa Bay
21 Machi 2025

Mama,

Shikamoo. Barua yako imenifikia ikinuka samaki wa mbuta wa garini, nikaisoma nikiwa nimesimama. Nami sitazunguka mbuyu. Emmah haji Karungu Aprili.

Najua utasema ni kiburi cha Bukuria. Nisikilize kwanza. Emmah amekulia kwenye baridi. Isebania malaria ipo, lakini huja kwa msimu wake na kuondoka, na yeye haijawahi kumpata hata mara moja. Binamu zake wa Karungu wanaumwa na mbu tangu kuzaliwa, miili yao imeshasoma somo hilo kwa shida na machozi. Wa Emmah haujui hata herufi ya kwanza. Ukimlaza katikati yao mvua za Aprili zikianza, unamtupa ziwani mtoto asiyejua kuogelea kwa sababu wenzake wanaogelea.

Sasa kuhusu damu. Umeuliza mtu asiyeugua ana ugonjwa gani. Hilo ndilo swali letu hasa, na wewe umelisema vizuri kuliko sisi tulivyoliandika.

Ndani ya damu kuna seli za ulinzi, askari wa mwili. Askari nao hula. Chakula chao kikubwa ni sukari, na wakiichoma kupata nguvu hubaki molekuli ndogondogo, kama majivu yanavyobaki jikoni kwako. Zamani wataalamu walidhani ni majivu tu. Siku hizi tunajua yana kazi. Hata wewe majivu yako hutupi, unahifadhia kunde. Moja ya molekuli hizo inaitwa itakoneti. Katika panya wenye malaria imeonekana ikiwatuliza askari. Inawaambia: tulieni, msipigane sana. Kwa watu bado tunachunguza. Je, hiyo ndiyo inayomfanya mtu abebe vimelea bila homa? Na askari wakishatulia, anayefaidika ni mwenye mwili au ni kimelea?

Kisanduku cha barafu ulichokiona kina sababu. Damu ikitoka mwilini, zile seli zinaendelea kula ndani ya kichupa. Ukichelewa kuipoza, majivu unayoyapima ni ya kichupa, si ya mtu.

Sikusema wewe una vimelea. Sijui, nawe hujui. Lakini naiogopa nyumba ambayo hakuna anayeugua, Mama. Mbu hamuulizi mtu kama ana homa ndipo amuume.

Mkamwana wako,
Robi


Karungu
30 Machi 2025

Robi,

Somo lako la majivu nimelisoma mara mbili. Ni zuri. Ungekuwa darasani kwangu ungepata alama zote, na ningekuambia ukae mbele ili usiwasumbue wa nyuma.

Lakini kuna jambo umelisema kwa kuzunguka: kwamba nyumba yangu ni chafu. Nimezaa humu, nimelea humu, wajukuu wangu wanalala humu wanakoroma kama wavuvi. Hakuna anayeumwa. Nyumba isiyo na mgonjwa ina malaria wapi? Ionyeshe kwa kidole.

Mimi nilizaliwa Magunga, kwa watu wakaidi. Mbung'o walipoleta ugonjwa wa malale bonde la Lambwe na majirani wakafunga mizigo, baba yangu alibaki na ng'ombe wake, akasema hawezi kufukuzwa na nzi. Alibaki, akafa mzee. Kama damu hiyo ndiyo unayoitaka, basi ujue na tabia yake.

Nimeshazungumza na mwanangu.

Min Jeff


Isebania
6 Aprili 2025

Mama,

Jana nilifika hapa na viatu vipya vya Emmah mkononi. Mama yangu akaniambia Jeff amemchukua alfajiri, amemketisha mbele ya gari, makreti nyuma. Mume wangu amezima simu. Mtu anayebishana na madereva wa malori mpakani kutwa nzima ameogopa kuniambia sentensi moja.

Ningeweza kupanda gari sasa hivi nije nimchukue mtoto wangu mbele ya ufuo mzima. Siji. Usifikiri umeshinda. Siji kwa sababu Emmah asiwaone mama yake na dani yake wakimvuta huku na huku kama kamba ya ndama.

Ila nimetuma chandarua chenye dawa, atakuletea dereva mwenzake Jeff. Kiwe juu ya kitanda cha Emmah kabla jua halijazama. Na akipata joto mwilini, hata kama ni dogo na hata kama anacheza, apelekwe hospitali papo hapo. Asipewe vidonge vya dukani, asipewe majani. Hayo mawili hayana mjadala, na siku nikisikia yamevunjwa utaniona Robi ambaye hujawahi kumwona.

Robi


Karungu
15 Aprili 2025

Kwa Robi nisiyewahi kumwona,

Chandarua kimefika na kinafanya kazi.

Mtoto ananiita dani. Ilimchukua siku mbili. Sasa anakula samaki kwa vidole bila kuogopa miiba, anajua kuanika omena, na amewafundisha binamu zake wimbo wa Kikuria ambao wanauimba vibaya tangu asubuhi. Jioni tunaketi siwindhe, mimi natupa kitendawili, wao wanajibu. Emmah akishindwa hakubali kunipa mji. Anasema, "Dani, hiyo haikuwa ya haki, tupa ingine." Hakuna mtoto aliyewahi kunijibu hivyo tangu niwe dani. Nilicheka hadi nikafuta machozi.

Juzi Duke, yule katibu wa ufuo anayejua mambo yote, alimwona akauliza, "Na huyu mtoto ni wa nani?" Emmah akamjibu kwa Kijaluo alichokipata wiki hii: "An mar dani." Mimi ni wa dani. Duke alimpa mkono kama mtu mzima, jambo ambalo hapa huonekana kwa nadra kama kupatwa kwa jua.

Joto ni kali, unalijua la Karungu. Watoto wanapenda kulala karibu na mlango penye upepo. Homa sijaiona kwa yeyote. Mbona hutulii, mwanangu? Tulia.

Dani wa Emmah


Homa Bay
26 Aprili 2025

Mama,

Jana nilikuona mlangoni mwa wodi, umesimama na kikapu. Nilikuona, nikakupita. Nataka ujue kwamba nilikuona.

Emmah alishikwa na degedege garini, Jeff akiwa anaendesha na binamu yake mkubwa akimshikilia. Alipofika hapa midomo yake ilikuwa myeupe. Vimelea vilikuwa vimemaliza damu yake, ikabidi aongezewe. Damu ya mtu nisiyemjua, Mama. Mtu aliyenyoosha mkono mahali fulani, akatoa, akaenda zake, bila kuuliza itauzwa wapi na bila kumwonyesha muuguzi lango.

Leo mchana ameamka. Ameomba uji na kuuliza kama binamu zake wamemlia omena yake. Madaktari wanasema hatari kubwa imepita, lakini bado wanamchunguza.

Jeff amenieleza habari za chandarua, akiangalia sakafu. Kiko bustanini, juu ya kitalu cha sukuma wiki, kinazuia kuku. Uliniandikia kwamba kinafanya kazi.

Na uliniandikia nitulie. Mimi kazi yangu ni kuchunguza kitu kinachowaambia walinzi watulie wakati adui ameshaingia ndani. Sitatulia. Usiniambie tena neno hilo maishani mwako.

Robi


Karungu
2 Mei 2025

Robi,

Chandarua nilikosea. Watoto walilia joto, kuku walikuwa wanamaliza miche, nikachagua vibaya. Hilo ni langu, sitalitafutia mwenyewe mwingine. Na nilistahili kupitwa mlangoni. Kikapu nilikiacha kwa mlinzi, natumaini mayai hakuyala yote.

Lakini kuna la pili ambalo hulisemi ila unalifikiri, na mimi nalisikia kutoka huku: kwamba malaria ya Emmah ilitoka nyumbani kwangu. Hapo nakataa. Jumatatu nilikwenda zahanati kwa miguu yangu, nikanyoosha kidole. Kipimo cha haraka kikaonyesha mstari mmoja. Muuguzi akasema, "Mwalimu, uko sawa, hakuna kitu." Nikawapeleka na wajukuu, wote mstari mmoja. Kwa hiyo mtoto alikuja nayo kutoka Isebania, ikamlipukia hapa, na mimi ndiye nimetupiwa mzigo. Hata Duke anasema hivyo, na unajua ninavyochukia kukubaliana na Duke.

Ili usiseme nimejificha nyuma ya kijikipimo cha zahanati, nimemlazimisha muuguzi anichote kichupa kizima. Hakutaka. Nilimfundisha darasa la nne, akataka. Jeff amekifunga kwa nailoni, amekitia kwenye barafu katikati ya samaki. Kipime kwa mashine zenu kubwa. Jibu nalitaka kwa maandishi, kwa sababu nitalisoma kanisani Sabato, mbele ya wote wanaonong'ona.

Mwalimu Pauline


Homa Bay
12 Mei 2025

Mama,

Emmah ametoka hospitalini, yuko Isebania. Anachoka haraka lakini ukali umerudi wote. Amekataa kumwita mama yangu bibi, anasema naye ni dani, tena dani wa Kikuria. Mama yangu anajifanya amekasirika na anaitikia.

Kichupa chako kilifika kikinuka samaki. Hakiwezi kuingia kwenye utafiti wetu, maana utafiti una taratibu zake: mtu huelezwa, hukubali, hutia saini, na damu huchotwa na watu wetu. Kwa hiyo kwa sasa sina la kusema sana juu yake.

Huku Homa Bay mvua imenyesha mno wiki hii. Barabara ya sokoni imejaa maji. Natumaini Karungu mazao yanaendelea vizuri.

Jipe moyo, Mama.

Robi


Karungu
17 Mei 2025

Robi,

Tangu lini wewe ukaniandikia habari za mvua?

Nimesahihisha insha maisha yangu yote. Mtoto aliyevunja dirisha la ofisi ndiye huandika kurasa mbili juu ya hali ya hewa. Na Jeff naye jana aliniletea sukari ambayo sikumwagiza, akafagia uwanja. Mwanangu! Akafagia! Nikamuuliza, "Kuna nini?" Akasema, "Hakuna kitu, Mama, nimeamua tu kukusaidia." Huyo hajawahi kuamua tu tangu azaliwe.

Ulinikatalia usoni mwezi wa tatu nikakuheshimu. Ulinipita mlangoni nikakuheshimu. Leo unanipapasa kama mgonjwa, na hilo ndilo nisiloweza kulisamehe. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Sema.

Pauline


Homa Bay
21 Mei 2025

Mama,

Jeff ndiye aliyeniomba nisikuambie. Alisema utavunjika. Nilimsikiliza kwa sababu mimi nilikuwa na hofu yangu tofauti. Niliogopa kwamba nikikuambia nitafurahi. Nilitaka sana niwe nimesema kweli na wewe uwe umekosea, nikalibeba hilo wodini siku zote zile. Kisha jibu likatoka, nikalisoma, nikakaa chini kwenye ngazi nikalia.

Kichupa chako nilikipeleka kwenye maabara nyingine, yenye mashine inayotafuta chembe za urithi za kimelea. Una vimelea, Mama. Ni vichache mno, kipimo cha zahanati hakiwezi kuviona. Na ninavyojua watoto wa huko, sitashangaa wajukuu nao wakiwa navyo. Muuguzi wako hakukosea wala hakukudanganya, macho ya kile kipimo ndiyo yanaishia hapo. Mbu akikuuma wewe anaondoka navyo, anakaa navyo siku kadhaa hadi vikomae, kisha anampelekea mwingine. Hakuna awezaye kuapa kwamba vya Emmah vilitoka kwako. Vingeweza kutoka kwa yeyote pale ufuoni. Lakini nyumba yako haikuwa na mgonjwa, na malaria ilikuwemo. Zote mbili ni kweli kwa pamoja.

Sasa nisikilize, maana nakujua. Mwili wako haukukusaliti. Umepigana na kitu hiki tangu ukiwa mtoto Magunga. Malaria kali, sehemu kubwa ya ubaya wake ni vita ambavyo mwili wenyewe unapigana bila kipimo. Wako ulijifunza zamani kwamba ukipigana hivyo kila msimu utajimaliza. Ukatulia kiasi. Labda yale majivu ndiyo yanayotoa amri hiyo, labda kuna mengine ambayo hatujayajua, bado tunatafuta. Utulivu huo umekuweka hai hadi leo. Na utulivu huohuo umempa kimelea kitanda. Mwili wa Emmah haukujua kutulia. Ulimwona mgeni mmoja ukachoma nyumba nzima.

Dawa ipo na ni ya siku chache. Nenda zahanati na barua hii.

Nimekukasirikia na bado sijamaliza. Lakini usivunjike. Sitaki uvunjike.

Robi


Karungu
Jumapili, 22 Juni 2025

Robi, mwanangu,

Barua yako nimekaa nayo mwezi mzima. Mwambie Jeff sikuvunjika, aache kufagia.

Kikulacho ki nguoni mwako. Methali hiyo nimeifundisha darasa baada ya darasa, na siku zote nilidhani inawahusu majirani.

Nilipolia, nililia siku moja, tena shambani, ili kuku tu ndio waone. Baada ya hapo ilikuja hasira, na hasira nakueleza chanzo chake. Mimi nimeishi kwa kuambiwa nitulie. Nilipofiwa na baba yake Jeff nikakataa kurithiwa na shemeji, wazee walisema, tulia, mama. Nilipotaka ukuu wa shule, mkaguzi akasema, tulia, Mwalimu, zamu yako itakuja. Zamu haikuja, nikaichukua. Kila aliyeniambia tulia nilimkatalia. Kumbe ndani ya damu yangu mwenyewe kuna majivu yanayosema tulia, na hayo nimeyatii miaka yote bila kujua! Hilo limenichoma kuliko vimelea vyenyewe. Unasema utulivu huo uliniweka hai. Nimesikia, nashukuru, na bado nimekasirika.

Basi nikaanza kazi. Kabla ya kunywa dawa nilimwita yule muuguzi wako mwenye adabu, nikasikiliza maelezo yake yote, nikauliza maswali hadi akatoa jasho, nikatia saini. Nilitaka mchukue majivu yangu yakiwa bado ya moto. Damu ilipojaa kichupani alianza kunishukuru, nikamwambia, "Wacha shukrani, kijana, weka kwa barafu! Inakula hiyo!" Alikimbia. Ndipo nikanywa dawa, nikaimaliza, na wajukuu wakapimwa upya kwa mashine yenu, waliokuwa navyo nao wakatibiwa.

Duke hakunyamaza. Alisimama ufuoni wakati mitumbwi inapakuliwa, akasema kwa sauti, "Wasee, hata Mwalimu ameuza damu. Imeenda Sirare hiyo." Nikaweka karai langu chini. Nikamuuliza, "Ameuza kwa nani, Duke? Taja jina." Akasema, "Si watu ndio wanasema, Mwalimu." Nikamwambia, "Mjukuu wangu anapumua kwa damu ya mtu ambaye hata jina lake sitalijua. Huyo hakuuza. Na mimi sikuuza. Wewe unayeogopa sindano ndogo kama mwiba wa omena, usijifiche nyuma ya Sirare." Wanawake walicheka hadi mizani ikasahauliwa. Jioni mke wake Sheila alikuja kwangu kwa mlango wa nyuma, akauliza yule muuguzi anapita siku gani. Jibu lako nalo nililisoma kanisani Sabato, kama nilivyoahidi, ingawa halikuwa nililolitaka. Mzee mmoja akasimama, akauliza chandarua kinapatikana wapi.

Siwindhe sasa ina vyandarua kila kitanda. Watoto wanalalamika joto. Nawaambia walalamike wakiwa ndani.

Sasa la Emmah. Jeff alikuja juzi uso umemng'aa, akasema umekubali amlete Agosti kwa sababu Mama amebadilika. Moyo wangu uliruka, sitakuficha. Usiku ule niliota Emmah ananiambia nitupe kitendawili kingine. Asubuhi nikamwambia Jeff: hapana. Mimi nimetibiwa, lakini mbu wa Karungu hawajasoma barua zetu. Nikiumwa nao kesho nitakuwa navyo tena, na jirani zangu hawajamaliza. Mwili wa mtoto huyo bado ni ule wa kuchoma nyumba nzima. Haji. Safari hii ni mimi ninayekataa, na ukileta ubishi utaniona Pauline ambaye hujawahi kumwona.

Usifikiri nimeshindwa. Unajua kwetu mama halali nyumbani kwa mwanawe, wala halali kwa wakwe zake. Wewe ungesema mila hiyo ivunjwe. Mimi naizunguka tu, sitaki kumpa Duke hadithi nyingine. Kwa hiyo nimepanga chumba Isebania, Agosti yote, nyuma ya duka la mbadilisha pesa mmoja. Jeff anasema dirisha lake linatazama mlango wa Nyangi. Kabla ya kupanda gari nitapimwa kwa mashine yako, na nikikutwa navyo nitamaliza dawa kwanza. Siendi kuwapa Wakuria zawadi ambayo hawakuomba. Chandarua nimenunua changu. Kile ulicholeta bado kina harufu ya kuku.

Mwambie Emmah siwindhe haikuwa ile nyumba. Siwindhe ni mimi, na nakuja. Akusanye watoto wa plotini, wa Kikuria, wa Kikisii, hata wa kutoka ng'ambo ya mpaka. Mwambie vitendawili vya haki nimevitafuta na sijavipata.

Na Nyangi ajiandae. Najua naye ana hadithi zake, na najua atasema ni bora kuliko zangu. Tutagombana kwa Kiswahili.

Pauline,
dani wa Emmah